Chaki sakafuni: mazoezi ya nyumbani kwa mtu mwenye Parkinson

Baba yangu ni fundi cherehani. Cherehani yake ni ile ya kukanyaga, chuma kitupu, na amekaa nayo Ngamiani, Tanga, tangu sijazaliwa. Ugonjwa wa Parkinson ulipomshika, kilichotuchanganya mwanzoni ni hiki: akiketi, miguu inakanyaga pedeli bila kukosea mdundo, shati zima linakwisha. Akiinuka kwenda chooni, miguu hiyohiyo inakwama kizingitini kama imegandishwa. Majirani walisema mzee anadeka. Mimi mwenyewe, nisifiche, siku mbili tatu niliwaza hivyohivyo.

Hadeki. Na hicho kioja cha pedeli na kizingiti ndicho kilichonifundisha mazoezi ya ugonjwa huu yafanyweje. Yafuatayo nimeyapata kwa mtaalamu wa fiziotherapia aliyetuona mara sita, na kwa miaka mitatu ya kuyafanya na baba uani. Nayaandika kwa anayeishi na mgonjwa nyumbani, hana kituo cha mazoezi wala mashine, ana kiti, ukuta, simu na nusu saa.

Kwanza ujue kinachopungua

Ndani ya ubongo kuna chembe zinazotengeneza dopamini, kemikali inayotuwezesha kufanya miondoko ya mazoea bila kuifikiria: kutembea, kugeuka kitandani, kupunga mikono njiani, kumeza mate. Mtu akipata Parkinson, chembe hizo hufa polepole kwa miaka. Mwanzoni misuli ipo na nguvu zipo. Kinachopotea ni kipimo. Mguu unatoa hatua ya sentimita 30, na mwenye mguu anahisi ametoa hatua yake ya siku zote. Mwandiko unasinyaa, sauti inafifia, uso unakuwa mkavu, na yeye anashangaa kwa nini kila mtu anamwambia aongee kwa nguvu.

Wataalamu wanaeleza kwamba mwendo wa kukusudia, ule unaofuata mdundo au alama inayoonekana, hutumia njia nyingine za ubongo ambazo zimesalimika zaidi. Pedeli ina mdundo wake. Kizingiti hakina. Basi kazi yetu ni kumtafutia mgonjwa mdundo na alama kila mahali, na kumzoeza kufanya kila kitu kikubwa kuliko anavyoona kinatosha.

Jambo hili limepimwa kwetu pia. Watafiti walipopita nyumba kwa nyumba wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kwenye watu wapatao 161,000, walikuta wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Matokeo yalitoka mwaka 2008. Miaka miwili baadaye ilichapishwa taarifa nyingine ya kaskazini mwa Tanzania: wagonjwa ambao hawakuwa wametumia dawa yoyote ya Parkinson walifundishwa kutembea kwa kufuata alama, na mwendo wao ukawa bora. Hawakutumia mashine za gharama. Ulimwenguni majaribio ya mazoezi kwa wagonjwa hawa sasa yamepita 150, na yakijumlishwa yanaonyesha kwamba karibu kila aina ya mazoezi inasaidia mwendo kuliko kukaa tu, bila aina moja kuzishinda nyingine waziwazi. Kwa hiyo asikuuzie mtu zoezi la siri. Wala mazoezi hayaponyi; dawa zinaendelea palepale.

Kabla ya siku ya kwanza

Mpeleke akapimwe, hasa kama ana shida ya moyo, kisukari, au amewahi kuanguka. Omba presha ipimwe akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Wagonjwa wengi wa Parkinson presha yao hushuka wakiinuka, kwa ugonjwa wenyewe na wakati mwingine kwa dawa. Ikishuka 20 au zaidi kwenye namba ya juu, daktari ajue, na mazoezi mengi ya mwanzo yafanyikie kwenye kiti. Baba yetu yumo kundi hilo. Asubuhi anakunywa glasi ya maji, anaketi ukingoni mwa kitanda, anachezesha vifundo vya miguu mpaka kizunguzungu kiishe, ndipo anasimama.

Kisha safisha uwanja. Mkeka uliojikunja pembe, waya wa pasi, ndoo mlangoni, kuku: vyote vitoke. Avae viatu vinavyoshika kisigino. Ndala ni adui namba moja wa mguu unaoburuzwa. Inabaki nyuma, mtu anatangulia.

Kiti kiwe cha mbao, kizito, kisicho na magurudumu, mgongo wake ukiegemea ukuta. Sisi tulianza na kiti cha plastiki. Siku ya pili kiliteleza juu ya saruji iliyomwagikiwa maji, baba akakaa chini badala ya juu ya kiti. Hakuumia, ila kwa wiki nzima alikuwa anakiangalia kila kiti kwa jicho la mashaka, na hofu ile ilitugharimu kuliko maumivu yangetugharimu.

Hatua ya 1: Pima, uandike

Nunua daftari. Pima mambo mawili tu.

La kwanza: akae kitini, mikono ameikunja kifuani, asimame wima na kukaa mara tano kwa haraka anayoiweza. Hesabu sekunde kwa simu. Kwa wagonjwa wa Parkinson, wanaozidi sekunde 16 wana hatari kubwa zaidi ya kuanguka. Baba alianza na sekunde 22. Kama hawezi bila mikono, andika "kwa mikono", na hilo nalo ni kipimo.

La pili: pima mita 10 uani, atembee kawaida, uhesabu hatua. Usimwambie unahesabu nini. Ukimwambia, atajikaza, na utapata namba ya kujionyesha. Baba alitumia hatua 31. Gawanya mwenyewe, uone hatua ilikuwa fupi kiasi gani.

Rudia mara moja kwa mwezi, saa ileile, muda uleule baada ya dawa. Kupima kila siku kunaleta huzuni bure, maana ugonjwa huu una siku zake.

Hatua ya 2: Chagua saa

Anayetumia levodopa, dawa kuu ya Parkinson, ana saa ambazo dawa imekolea na saa ambazo imekwisha. Mazoezi yafanyike ikiwa imekolea. Kwa wengi ni kati ya nusu saa na saa moja baada ya kumeza. Muulize mwenyewe, au mwangalie vidole akifunga vifungo vya shati. Baba vikimtii, tunaanza.

Protini, yaani nyama, maharage, maziwa, huweza kushindana na dawa hii tumboni, ndiyo maana wengi huelekezwa kuimeza nusu saa kabla ya kula. Fuata alivyosema daktari wenu, na kipimo cha dawa usikiguse. Nasema hivyo kwa sababu tulishaletewa upupu uliosagwa. Ni kweli mbegu za upupu zina levodopa ndani yake. Lakini nani anajua kijiko kimoja kina kiasi gani, juu ya vidonge anavyomeza tayari? Tulishukuru, tukauweka kando.

Kwetu Tanga joto nalo lina neno. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi au saa kumi na moja jioni. Mchana wa jua kali presha inashuka zaidi.

Hatua ya 3: Amsha mwili kwa miondoko mikubwa

Akae mbele kidogo ya kiti, nyayo zote chini. Ainame aguse sakafu kwa mikono miwili, kisha ainuke polepole akinyoosha mikono juu mpaka mbavu zifunguke, halafu aitanue pembeni, vidole vimekunjuliwa kama anayepima upana wa kitambaa. Abaki hapo akihesabu kwa sauti mpaka kumi. Mara nane.

Neno la kumwambia ni moja: "Kubwa." Usimwambie "vizuri", usimwambie "nyoosha zaidi kidogo bega la kushoto". Maelezo mengi yanamchanganya, na kichwa kinachofikiri mambo matatu hakisogezi mguu. Mfiziotherapia wetu alikuwa na kipimo chake: mgonjwa akiona anafanya kama kichekesho, kama anaigiza, ndipo sasa yuko sawa na watu wengine. Baba alikuwa anacheka. Sisi tuliokuwa tunatazama hatukuona cha kuchekesha; mikono ilikuwa imefika tu pale inapofika mikono ya kila mtu.

Malizia kwa kugeuza kiwiliwili kulia na kushoto, mkono ukifuata, macho yakifuata mkono. Mgongo wa Parkinson hukakamaa kama ubao, na ubao ndio unaomshinda kugeuka kitandani usiku.

Hatua ya 4: Kusimama kutoka kwenye kiti

Ukiniuliza zoezi moja la kubaki nalo, ni hili, kwa sababu choo, daladala, sala na sherehe zote hupitia hapa.

Makalio yasogee mbele ya kiti. Miguu irudi nyuma mpaka visigino viwe nyuma ya magoti. Ainame mbele, pua ipite vidole vya miguu. Hapo wengi hukwepa, kwa kuogopa kuanguka kifudifudi, kisha wanajaribu kunyanyuka wima na kurudi chini pu! Akishainama vya kutosha asukume ardhi kwa nyayo, asimame mpaka mwisho, kifua mbele. Kukaa kuwe kwa taratibu, asijitupe. Ule ushukaji wa polepole ndio unaojenga mapaja.

Mara 10, pumzika, mara 10 tena, siku mbili au tatu kwa wiki zisizofuatana. Ikiwa rahisi, tafuta kiti kifupi zaidi, au ashike chupa ya maji ya lita moja na nusu kifuani. Ikiwa ngumu, weka mto juu ya kiti kiinuke.

Wewe usimvute mikono. Hili nimelifanya miezi minne nikidhani nasaidia. Ukimvuta mikono, yeye anajivuta nyuma kwa asili, mnakuwa kama wanaovutana kamba. Simama ubavuni, nyuma kidogo, mkono wako kwenye mkanda wake au nyuma ya kiuno, kwa kuwa wengi huangukia nyuma.

Hatua ya 5: Mistari ya chaki na mdundo

Hapa ndipo ufundi wa baba ulipotufaa. Mtaalamu alisema tubandike mistari ya utepe sakafuni. Baba akachukua futi kamba na chaki yake ya kukatia nguo, akaniambia nipige mistari mwenyewe, maana kuinama kwake si salama: mstari baada ya mstari, kila mmoja umbali wa sentimita 45, kumi na mbili kwa jumla, kutoka kwenye meza ya kukatia mpaka mlango wa uani.

Umbali uwe mkubwa kidogo kuliko hatua yake ya sasa, ile mliyoipata kwenye daftari. Ukiuweka mkubwa sana kwa mara moja ataruka, na kuruka si kutembea. Akivuka mistari, kisigino kitue kwanza, kisha nyayo, kisha vidole. Macho yatangulie mstari mmoja au miwili mbele, yasibaki kwenye vidole vya miguu. Mikono ipunge. Aende na kurudi mara sita, apumzike.

Wiki ya tatu tulisogeza mistari ikawa sentimita 50. Wiki ya tano tukafuta kila mstari wa pili, mguu mmoja una alama, mwingine unabahatisha. Baadaye tukabakiza mitatu ya mwanzo, kwa sababu kuanza kutembea ndiko kuzito kuliko kuendelea. Sakafu yenye vigae, au mkeka wa mistari uliokazwa vizuri, unaweza kukupa alama za bure. Ila kanga na mazulia mepesi usitumie, yanateleza.

Mdundo ni upande wa pili. Hesabu hatua zake kwa dakika moja akitembea kawaida, tuseme 96, kisha weka programu ya simu ya kupiga mdundo kwenye namba hiyohiyo. Usianze kwa kumkimbiza. Anayekwama mara kwa mara hufaidika zaidi na mdundo wa polepole kidogo wenye hatua ndefu. Baba tiki-tiki ya simu ilimchosha siku ya kwanza. Alisema inamkumbusha saa ya hospitali. Tukahamia kwenye nyimbo za dansi alizozipenda ujanani, ukichagua ule ambao ngoma inasikika wazi. Taarab yenye maneno mengi inampoteza, anaanza kusikiliza mashairi, miguu inasimama.

Siku mdundo haupo, ahesabu mwenyewe kwa sauti: moja, mbili, moja, mbili.

Hatua ya 6: Miguu ikikwama

Miguu hukwama mlangoni, kwenye kona, mbele ya watu wengi, simu ikilia, au akiharakishwa. Kosa la kila familia ni kusema "Twende basi!" Haraka ndiyo inayokaza fundo.

Fundisheni hili akiwa hajakwama, uani, mpaka alifanye bila kukumbushwa. Kwanza asimame kabisa, aache kupambana. Kisha ajinyooshe, kichwa juu, visigino chini, maana anayekwama huwa amesimama kwa vidole na mwili umetangulia miguu. Halafu ahamishe uzito taratibu kulia, kushoto, kulia, kama anayengojea kwenye foleni amechoka. Mguu mmoja ukiwa mwepesi, autoe hatua moja ndefu juu ya mstari wa kufikirika. Ukiwa karibu, weka mguu wako mbele ya wake, ukingame, umwombe auvuke. Nyumbani kwetu hilo linafanya kazi kuliko maneno yote.

Kizingiti cha choo tulikiwekea mstari mweupe wa rangi upande wa ndani, si juu yake. Macho yanalenga ng'ambo, mguu unafuata.

Kugeuka ni shule yake yenyewe. Mtu mwenye Parkinson akijizungusha papo kwa papo, miguu inabaki na kiwiliwili kinaondoka. Afanye mzunguko mpana, kama gari linalogeuza uwanjani, hatua nne tano, au asimame katikati ya saa ya kuchora kwa chaki akikanyaga saa kumi na mbili, saa tisa, saa sita. Hiyo saa ya chaki wajukuu waliipenda wakaichezea, na babu yao akawa hakimu.

Na asibebe kitu akigeuka. Siku moja alikuwa na kikombe cha chai, mimi nikamwita kwa nyuma, "Baba, fulani amekuja kuchukua suruali!" Akageuka kunijibu. Chai ukutani, baba chini, kifundo cha mkono kimevimba wiki tatu. Tangu siku hiyo anayetaka kusema naye anapita mbele yake kwanza, shikamoo, ndipo maneno. Kutembea na kuongea kwa pamoja tunakufanyia mazoezi maalumu, mmoja wetu akiwa ubavuni, anataja majina ya vitambaa huku akivuka mistari. Nje ya mazoezi, jambo moja kwa wakati mmoja.

Hatua ya 7: Jasho

Huku ndiko watu wengi wanakoonea huruma mzee mpaka wanamwonea. Wanamtembeza polepole mtaani, dakika kumi, warudi wanywe soda. Matembezi hayo ni mazuri kwa roho, ila moyo haujui kama umetoka nyumbani.

Lengo linalotajwa na wataalamu ni dakika 150 za mazoezi kwa wiki kwa jumla, na ndani yake angalau siku tatu za nusu saa kwa kiwango kinachopandisha pumzi. Jaribio moja la Marekani lililotolewa mwaka 2018, kwa wagonjwa wapya ambao hawajaanza dawa, liliwafanya watembee kwenye mashine siku nne kwa wiki kwa miezi sita; waliosukumwa mpaka mapigo ya moyo yakawa juu kweli hawakuzorota kama wenzao walioachwa na maisha yao ya kawaida. Si ushahidi wa kusimamisha ugonjwa, lakini unatosha kunifanya nisimbembeleze mzee.

Mzani wetu ni maneno. Akiweza kuimba, ongeza kasi. Akiweza kusema sentensi fupi kwa kukatakata pumzi, hapo hapo. Akishindwa kusema kabisa, punguza. Anza na dakika tano, ongeza moja au mbili kila wiki. Asiyeweza kutembea haraka salama akae akanyage: baiskeli iliyosimamishwa kwa stendi imara, au kupiga miguu kwa zamu kitini na mikono ikifuata. Baba anakanyaga cherehani tupu, bila uzi, ukanda umefunguliwa, dakika 15 kwa mdundo wa kasi, kisha dakika 15 za kutembea. Wateja wakipita wanadhani kazi ni nyingi.

Hatua ya 8: Kusimama imara

Asimame nyuma ya kiti kizito au mbele ya meza ya jikoni, wewe ukiwa nyuma yake. Ainue visigino mara 10. Atoe hatua ndefu mbele arudi, pembeni arudi, nyuma arudi, mara tano kila upande. Hatua ya nyuma isikosekane, ndiyo itakayomwokoa siku akisukumwa kwenye kituo cha daladala. Kisha asimame mguu mmoja mbele ya mwingine kwa sekunde 20, akishika meza kwa kidole kimoja tu.

Mwaka 2012 ulitoka utafiti wa Oregon, Marekani, kuhusu tai chi, ile michezo ya polepole ya Wachina. Mara mbili kwa wiki kwa wiki 24, na walioicheza walisimama imara zaidi na kuanguka kidogo kuliko waliokuwa wakinyoosha viungo tu. Ngamiani sijaona mwalimu wa tai chi. Ila kiini chake ni kuhamisha uzito polepole, kwa kudhibiti, kutoka mguu huu kwenda ule, na hilo mtu yeyote aliyewahi kucheza kwenye harusi ya pwani analijua. Tunafanya hivyo, taratibu, meza ikiwa karibu.

Hatua ya 9: Sauti, mwishoni

Dakika tano. Avute pumzi, atoe "aaa" ndefu kwa nguvu anavyoweza bila kukaza koo, mara tano. Kisha aite majina ya watoto wake kama wako ng'ambo ya barabara. Akianza kupaliwa na chakula au maji mara kwa mara, usingoje, mpeleke hospitali.

Wiki ilivyopangwa kwetu

Miondoko mikubwa na mistari ya chaki ni kila siku, dakika 15, kama kupiga mswaki. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ni jasho. Jumanne na Jumamosi ni kiti, meza na hatua za nyuma. Jumapili hakuna ratiba, ingawa mara nyingi utamkuta anapima mistari kwa futi kamba, akilalamika kwamba mtoto wangu ameipinda.

Mwezi wa kwanza alichoka na mapaja yakauma siku mbili. Hilo ni la kawaida. Maumivu ya kifua, kizunguzungu kisichoisha akikaa, pumzi inayokatika, kuanguka na kugonga kichwa, au kuzorota kwa ghafla ndani ya siku chache, acheni mazoezi muonane na daktari. Kuzorota kwa ghafla mara nyingi kuna sababu nyingine, kama homa, maambukizi ya mkojo, au dawa mpya aliyopewa kwa tatizo jingine.

Kama mgonjwa wenu hawezi tena kusimama, kazi haijaisha. Kitandani akunje magoti, ayaangushe pamoja upande mmoja, anyooshe mkono juu uvuke mwili, ndipo ageuke. Mara tano asubuhi na mara tano jioni. Shuka la pamba kavu hukamata nguo za kulalia, na mgonjwa hushindwa kugeuka kwa sababu ya kitambaa tu. Baba alilijua hilo kabla ya mtaalamu. Alijishonea suruali ya satini.

Daftari la mwezi uliopita linasema sekunde 17 za kiti na hatua 22 kwa mita 10. Mwaka jana mwezi kama huo ilikuwa 16 na 21, kwa hiyo tumerudi nyuma kidogo, na mfiziotherapia ametuambia tuongeze siku moja ya kiti. Mistari ya chaki imerudishwa yote kumi na miwili. Nimeipiga jana jioni, baba amesimama juu yangu na futi, akinisahihisha mstari wa saba.